Ua wa Alizeti Pori

Mama alipofariki, kaka zangu waling'oa ua wa alizeti pori uliozunguka nyumba yetu Kenyamonta, wakaweka seng'enge. Ua ule mama aliupanda mwenyewe kwa vijiti. Mvua zikikaribia aliukata, akafukia majani yake shambani yawe mbolea ya mahindi.

Mimi nilikuwa nimeolewa Genkuru. Nilipokwenda kumsalimia baba, nilisimama njiani nisijue pa kukunja, maana tangu utoto nilizoea kuongozwa na yale maua ya njano. Baba akanikuta pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni?"

Nilimwonyesha ile seng'enge. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya zizi, ambako shina moja lilikuwa limebaki.

"Hili niliwakataza wasiliguse," alisema. "Kata vijiti uende navyo."

Nilivipanda kando ya shamba langu Genkuru, vikashika, na sasa vimenipita urefu. Kila ninapokata majani yake, mikono yangu inabaki na harufu chungu, ile ile ya mikono ya mama, na huwa nachelewa kunawa.