Kilima cha Kipa

Kiangazi cha 2014 tulikuwa na wachezaji ishirini na wawili, na nilidhani tutakuwa nao milele. Timu ilikuwa ya watu wa milima yetu ya Kivu Kusini tu, sisi tuliohamishiwa Buffalo, Marekani, na mimi ndiye niliyekuwa kapteni. Hatukuwa na karatasi za kujiandikisha. Aliyetaka jezi alisimama mbele yangu kwenye uwanja wetu wa East Side, akanitajia baba yake, babu yake na kilima walichotoka. Nikiridhika, nampa namba. Nilijiona hakimu, na sioni haya kusema kwamba niliupenda sana ukubwa ule.

Vilima vilipotajwa hivyo, kimoja baada ya kingine, ukungu wa kwetu ulikuwa kama unashuka juu ya nyasi za ugenini. Nilinusa maziwa na moshi. Hofu yangu ilikuwa moja: timu ikifa, hapatakuwa tena na mahali majina yale yanapotamkwa kwa sauti. Watoto wetu wenyewe walishaanza kutujibu kwa Kiingereza.

Mrundi mmoja, tuliyefanya naye kazi kwenye kiwanda kule Tonawanda, alikuja kuomba jezi ya kipa. Viganja vyake vilikuwa vipana, na mpira ulitulia ndani yake kama mtoto aliyeshiba. Kwake sikungoja baba wala babu, nilianza na kilima. Akataja cha kwao, ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Burundi.

"Bon, ndugu, kule haiko kwetu," nikamwambia.

"Lakini kutoka kwetu tulikuwa tunaviona vilima vyenu kila asubuhi," akasema.

Nikamjibu kwamba hata mwezi tunauona, na hakuna aliyezaliwa huko. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Akaenda kukaa pembeni, na tangu siku hiyo alikuja kututazama kila Jumamosi.

Mwaka ule tulishinda mashindano ya kombe kule Louisville. Safari ilikuwa ya kutwa nzima, na wengi walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, wakalala tangu tunaondoka. Mimi niliyekuwa usukani niliona mashamba ya mahindi yakipita na kupita, hadi sikujua tena niko nchi gani. Tulipotwaa kombe, akina mama wa huko, watu wa kwetu pia, walitupokea kwa nyimbo za kanisani. Nililia, na sikujificha.

Kisha timu ikaanza kuyeyuka taratibu, bila ugomvi. Mmoja alihamia Columbus, akapata nyumba mtaa wa Northland karibu na dada yake, wanne wakamfuata. Wengine walipangiwa kazi za Jumamosi. Kiangazi kilichofuata tulikwenda Columbus, tukafungwa mabao matano na timu iliyojaa watoto wa vilima vyetu wenyewe. Baada ya mechi walinikumbatia, wakanipeleka Morse Road kunywa chai ya maziwa, wakaniuliza habari za nyumbani, wakimaanisha Buffalo. Niliinywa chai ile nikiwa na hasira, na sikuwa na wa kumtolea.

Mwaka wa tatu tulibaki tisa, halafu sita. Jumamosi moja ya Septemba nilifika uwanjani na begi la jezi, nikangoja. Majani yalianguka moja moja. Hakuja mtu wa vilima vyetu hata mmoja. Kwenye goli lisilo na nyavu alisimama yule Mrundi tu, amevaa glavu zake mwenyewe.

Nikaweka mpira chini, nikaanza kupiga. Alidaka, akanirudishia. Tulicheza hivyo muda mrefu, na kati ya shuti moja na jingine nikajiona niko uani kwa baba, asubuhi isiyo na ukungu, natazama bonde la Rusizi. Ng'ambo yake kulikuwa na vilima vya samawati. Tulivitazama kila siku tukikamua ng'ombe, na sikuwahi kuuliza vinaitwaje.

Nikatoa jezi namba moja kwenye begi, nikamwendea.

"Donc, ndugu, unitajie tena kilima chenu," nikamwambia. "Ile siku sikukusikiliza."

Akavua glavu kwanza. Akasimama wima, akataja baba yake, babu yake na kilima, kwa utaratibu ule ule aliokuwa akitusikia tukiufuata kila Jumamosi.