Mwalimu Aliyemsikiliza Mama Yangu

Siku yangu ya kwanza kufundisha Historia hapa Songea, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na azimio la kazi, yaani mpangilio wa mada za mwaka mzima. "Ubeberu ni wako," aliniambia. "Wewe Mngoni, utauweza."

Nilifundisha mada hiyo miaka kumi na minne. Niliandika ubaoni jinsi mataifa makubwa yalivyogawana Afrika na kuingilia nchi za watu kwa kisingizio cha kulinda biashara; wanafunzi wakanakili, wakafaulu.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni, akaletwa Mwalimu Neema kutoka Bukoba. Alipewa Kidato cha Tatu B, mimi nikabaki na A. Muhula haujaisha, wanafunzi wangu wakawa wanasimama dirishani kwake. Mtu mzima mimi, nilikuwa napita pale bila shughuli yoyote, nisikie tu wanachekea nini.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. "Anawatoa wanafunzi kwenda kwa wazee, mtaa wa Mfaranyaki."

"Si kwenu huko?" akacheka.

Jioni nikamkuta Neema nyumbani kwetu, kakaa mkekani na wanafunzi wake, daftari mapajani, wamemzunguka mama yangu. Mama alikuwa akisimulia jinsi askari wa Kijerumani walivyochoma vihenge wakati wa Majimaji, na bibi, mama yake mzazi, akazika watoto wawili njiani kwa njaa. Mimi hayo niliyafundisha kwa mstari mmoja: mazao yaliteketezwa.

Walipoondoka nikamuuliza, "Mama, mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Binti huyu kauliza."

Sikulala vizuri wiki nzima. Nikiwa mkuu wa idara, nikaandika ripoti kwamba Mwalimu Neema hafuati azimio la kazi. Akahamishiwa Tunduru. Aliniaga kwa heshima, hakujua. Au alijua.

Mama alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza zaidi. Nilipostaafu, nikapanda basi la Tunduru. Neema alikuwa mkuu wa shule sasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile ripoti niliiandika mimi."

"Najua," alisema. "Karibu ukae."

Nikamwomba anisomee aliyoyaandika siku ile mama alipowasimulia. Akatoa daftari kabatini, akasoma taratibu, akinyamaza pale pale mama alipokuwa akinyamaza. Machozi yalinitoka. Na hata hapo, ninyi walimu vijana mnaonisoma, nilimwonea wivu.