Jembe Lililolia Bustanini

Ndiyo, ni mimi niliyeitoboa bustani ya boma pale Singida mpaka ikafanana na chujio la pombe. Walioshuhudia wengi wamekwisha kufa kwa uzee, na waliobaki wanayapunguza mashimo kwa wivu tu. Mimi siyapunguzi. Yalikuwa mengi, na mengine ungeweza kuzamisha ndama.

Chanzo chake ni posa. Nilimpenda binti mmoja wa upande wa Mwankoko, nikampenda mpaka nikawa nakosea kunywa uji. Baba yake hakuwa na neno. Mama yake alikwisha kuanza kunipakulia nyama nono. Kikwazo kilikuwa bibi yake mzaa baba, kikongwe mwenye uzito wa kuku mmoja na sauti ya ng'ombe kumi, na katika ukoo ule hakuna mlango uliofunguka bila yeye kusema ufunguke.

Ng'ombe wa mahari aliwakubali. Tatizo ni jembe. Desturi yao, posa hutanguliwa na jembe, nami nikapeleka jipya kutoka duka la Mhindi, linang'aa kama paji la uso wangu. Bibi akalishika kwa mkia, ule unaoingia mpinini, akaokota jiwe, akaligonga. Likasema "kwa!" basi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, bibi."

"Umesikia nini?"

Nikalitazama jembe, mimi mwanafunzi bora wa shule ya usiku.

"Hukusikia kitu kwa sababu halikusema kitu. Jembe la wahunzi wa Iramba ukiligonga linalia mpaka mbuzi wanageuka. Hili bubu. Simwozi mjukuu wangu kwa bubu. Lete linalolia kabla mtama haujavunwa. Huyo karani wa Kiomboi mwenye baiskeli naye anabisha hodi, na babu yake alikuwa mhunzi."

Nikarudi nyumbani nikiwa nusu ya mtu. Majembe ya zamani yalikuwa yamekwisha, mengine yamechongwa mashoka, mengine yamelika mpaka yamekuwa vijiko. Ndipo baba akakumbuka kuwa wakati wa vita ya Mjerumani babu alifukia jembe lake zuri kuliko yote, askari wasilichukue, kisha akafa bila kuonyesha mahali. Alilifukia katika shamba lake la mtama. Na shamba lenyewe Mwingereza alikwisha kulizungushia ua wa michongoma, akapanda nyasi na maua, akaweka mabenchi, akaliita bustani ya watu wote.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilicheka peke yangu njiani, kwa kuwa nilimjua mtu mwenye mashine.

Huyo alikuwa mzungu mjenzi wa barabara, nami nilikuwa mnyapara wa vibarua wake. Katika vita ya pili alifukua mabomu jangwani, na alikuja na mashine yake ya kazi ile: mti mrefu wenye sahani chini, waya, betri ya kubeba mgongoni, na vyombo vya kuvaa masikioni. Ikinusa chuma au shaba chini ya ardhi, inapiga mluzi masikioni. Wazungu wenzake Jumamosi walikwenda kuwinda kanga, yeye alizunguka bustanini akiwinda vifungo vya nguo. Watu waliapa kwamba anatafuta rupia za Mjerumani. Uongo. Nimeliona kopo lake la sigara: vifungo, kijiko kilichopinda, bizimu ya mkanda wa askari. Alivitazama kama mama anavyotazama meno ya mtoto.

Nilipomweleza shida yangu, macho yalimtoka.

"Wewe nataka oa?" akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Jumamosi. Wewe shika mti. Mimi beba betri."

Kwa hiyo andikeni: katika Jimbo zima la Kati, mimi ndiye mtu wa kwanza kubebewa mzigo na mzungu.

Jumamosi ilipofika, nusu ya mji ilikuwa imekaa juu ya mabenchi na nusu nyingine imesimama nyuma ya ua. Mzee mtunza bustani, aliyependa nyasi zile kuliko wajukuu wake, alitufuata akiwa na fagio kama mwenye mkuki. Na bibi akaja, amejitanda kaniki nyeusi mpaka chini ardhini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kukulinda usije ukatoa jembe la Mhindi mfukoni ukasema limeota."

Tukaanza. Mimi mbele na mti, vyombo masikioni, mzungu nyuma amefungwa kwangu kwa waya kama mbuzi wa mnada, na bibi ubavuni mwangu, ameinama, pua karibu kuigusa sahani. Hatukwenda mbali, mashine ikapiga mluzi. Nikainua mkono.

"Chimba," mzungu akasema.

Vibarua wangu wakachimba. Hakuna kitu. Tukasogea, ikapiga tena. Tukachimba, hakuna. Ikapiga penye waridi, ikapiga chini ya benchi, ikapiga katikati ya njia. Watu wakaanza kushangilia kila mluzi ingawa hawakuusikia, waliutazama usoni mwangu.

"Jembe linakimbia," akasema mmoja nyuma ya ua.

"Limesikia kwamba linakwenda kuozwa."

"Liulizeni kama limemkubali huyo bwana harusi."

Mtunza bustani akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, Bwana Shauri, mkubwa wa boma, atakunywa chai hapa. Atakaa wapi?"

"Ndani ya shimo, baba, kuna kivuli."

Nilifanya mzaha, lakini jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa Kindai, na mtama kule mashambani ulikwisha kuwa mwekundu. Bibi akasimama kupumua. Nami nikasimama, sahani mbele ya miguu yake, na mluzi haukukatika. Nikasogeza sahani kulia, ukafifia. Nikairudisha, ukapasua masikio.

Mzungu akavua kofia. "Mama, tafadhali, inua nguo kidogo."

Umati ukanyosha shingo. Bibi akamtazama kama anayechagua mahali pa kumpiga, kisha akainua kaniki kufika nusu ya muundi. Hapo ndipo tulipouona: waya wa shaba, umezungushwa kutoka kifundoni kwenda juu, mguu huu na huu, aliovishwa alipokuwa mwari na haukuvuliwa tena. Kila bibi kwetu alikuwa nao. Tuliuona kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kufikiri kuwa ni chuma, ule ulikuwa mguu wa bibi. Mzungu naye, kwa kaniki ile, hakuuona kabisa.

Vicheko vilivyoanguka pale, nina hakika vilifika Manyoni. Mzungu alikaa chini na betri yake. Mimi sikucheka vizuri, kwa sababu bibi alipokwenda kuketi benchini, mashine ikanyamaza. Nilizunguka bustani yote ikiwa kimya. Nikaanza kumwona karani wa Kiomboi akipiga kengele ya baiskeli yake.

Penye kona, chini ya michongoma, ikatoa mluzi mwembamba, wa mbu mgonjwa. Nikachimba kwa mikono. Likatoka: pana, jeusi, limeliwa na kutu kingo zote, mkia wake mrefu kama wa majembe ya kale. Nikalikimbiza kwa bibi nimelipakata kama mtoto.

Akalitambua kwa kulipapasa tu kuwa ni la wahunzi wa Iramba, uso ukalainika. Akachukua jiwe, akaligonga.

Pa.

Akagonga tena, polepole. Pa. Kutu ikadondoka mapajani mwake.

"Ndilo," akasema. "Lakini limekufa."

Sikujua mdomo wangu umesema nini mpaka nilipousikia. "Bibi, halijafa. Linalia ndani. Jaribu na hivi."

Nikamvika vyombo vya masikioni juu ya kilemba, nikamwomba anyooshe miguu kando, mbali na sahani, kisha nikaipitisha sahani juu ya jembe.

Bibi aliruka akiwa ameketi. Kisha akatulia. Akanionyesha kwa kidole: tena. Nikapitisha tena. Akafumba macho, akasikiliza muda mrefu, mbuzi wa mtu wakipita nje ya ua.

"Linalia," akasema, kwa sauti kubwa kama watu wanavyosema masikio yakizibwa. "Linalia kuliko jembe alilonioa nalo mume wangu."

Hakuvivua vyombo. Aliniamuru nimpimie mkanda wa mzungu, ukalia. Akapima funguo za mtunza bustani, zikalia, mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akapima kichwa changu, akasema hakina kitu, watu wakaanguka tena kwa kicheko.

Kisha akalifunga jembe ndani ya pindo la kaniki, akasimama.

"Mwambie baba yako alete ng'ombe," akasema. "Na wewe mkwe, fukia haya mashimo. Mjukuu wangu haolewi na fuko mchimba ardhi."

Nilifukia hadi Jumatatu. Jumapili mchana binti mwenyewe alipita njia ya ziwani na mtungi kichwani, akanitazama nimezama mpaka kiunoni, akacheka mpaka maji yote yakammwagikia, akarudi kuteka mengine kwa njia ile ile.