Pazia Lililofungwa Fundo

Siku hizi harufu hunifikia kabla ya sauti. Jana ilikuwa ya mawese yakichemka kwa jirani, nayo ikanirudisha Ujiji, kwa bibi mzaa mama aliyenilea. Kila Ijumaa alasiri alikaanga dagaa kwa mawese, akatandika mkeka, akaweka vikombe viwili vya kahawa. Cha pili kilikuwa cha Bi Zaituni, shoga yake tangu usichana, aliyekuja kutoka Bangwe.

Kisha Bi Zaituni akaacha kuja. Mwanzoni Bibi alisema labda anaumwa, baadaye akaacha hata kumtaja. Kahawa ilipoa akaimwaga uani, na mimi, mlafi wa kashata, nikirudi jioni nikala fungu la mgeni. Hata majirani walipungua. Bombani niliwasikia wakisema, "Bibi yake huyu anaringa siku hizi. Unapiga hodi mpaka unachoka." Mnazijua adabu zetu, hodi ya tatu isipoitikiwa unajiondokea. Niliwachukia wanawake wale. Bibi yangu hakuwa na maringo hata kidogo, alikuwa mpweke, na upweke wake uliijaza nyumba mpaka nikaona uzito kurudi kutoka shule.

Siku moja akajitanda kanga mpya, akanishika mkono tukaenda Bangwe.

"Nataka aniambie mwenyewe nimemkosea nini," alisema.

Mlangoni akapiga hodi kwa uchangamfu, kisha ya pili, na ya tatu ikatoka kwa shida. Upepo wa ziwa ukainua pazia. Bi Zaituni huyo, katupa mgongo, anachambua mchele. Hakugeuka.

"Yumo," Bibi akasema. "Hanitaki tu." Machozi yakamtoka, akageuka kuondoka.

Hapo Bi Zaituni akainuka kwenda kumwaga chuya, akatuona. "We Mwajuma! Mbona umesimama nje?"

"Nimepiga hodi, hukuitika!"

"Unasemaje?"

"Hodi!"

"Hodi nimepiga mimi kwako, Ijumaa baada ya Ijumaa! Ukaninyamazia, nikajua umenichoka."

Wakatazamana. Bi Zaituni ndiye aliyeanza kucheka, huku analia. Hakuna aliyetamka kwamba masikio yamechoka, waliona aibu hata wao kwa wao. Bi Zaituni alilishika tu pazia lake, akalifunga fundo juu, mlango ukabaki wazi. Tuliporudi Bibi naye akafunga letu, na Ijumaa zikarudi, na kelele zao zikasikika mtaa mzima.

Bi Zaituni alipofariki, Bibi hakulifungua lile fundo. Alikaa akiutazama mlango mpaka magharibi. Nilidhani anachungulia mambo ya watu, nikamtania. Sikujua kwamba asiyesikia hodi lazima amwone mgeni, la sivyo mgeni anampita. Ukubwani ndipo nikaanza kuwakumbuka wazee wengine wa mtaa wetu, yule mkali, yule mwenye kiburi, yule asiyejibu salamu. Wengi wao walikuwa hawasikii vizuri, kila mmoja kwake, akidhani wenzake wamemtupa.

Sasa naishi peke yangu hapa Mwanga. Juzi jirani yangu alinikuta barabarani, akaniuliza kwa unyonge, "Mama, tumekukosea nini? Tunapiga hodi, huitikii."

Nami siku zote hizo nilikuwa ndani, nikisikitika kwamba hakuna anayekuja. Leo asubuhi nimelifunga pazia langu fundo, nikageuza kiti kikaelekea mlangoni.