Madonge Kumi ya Kiwanja

Mimi si mtu wa safari. Nyumba yangu iko Katoyi, hapa Goma, bulangeri ya mikate ninakofanya kazi iko Katoyi, na sioni ubaya wa kuzeeka Katoyi. Lakini Jumatatu moja jioni Mama Kavira, mwenye bulangeri, aliweka mkate mweusi juu ya meza na kusema mbele yetu sote: "Kasereka, ukinipikia tena makaa, Jumamosi unarudi kwenu Butembo."

Kasereka ndiye mpishi wa tanuru. Ana watoto watano na hajui kubishana. Kila jioni ilikuwa hivyo. Mikate ikiungua, anagombezwa, na kesho yake anapunguza kuni. Ikitoka myeupe kama karatasi, anagombezwa tena, anaongeza kuni. Mama alikuwa amesikia kwamba rafiki yake wa shule, Mama Uwimana wa mji wa Kiwanja, anatoa mikate isiyobadilika siku hadi siku.

"Nenda uniletee siri yake," aliniambia. "Si weye ulisoma statistiki kwenye sekondari?"

Kusoma nilisoma. Nilichokumbuka ni neno moja, moyene, yaani wastani, na vumbi la chaki.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda pikipiki. Tulipofika Munigi nilimuuliza dereva kama tumekaribia. "Papa," alisema, "ukigeuka bado unaona mabati yako."

Kule Kibumba baridi iliingia hadi kwenye soksi. Mbele kidogo, kwenye bariere iliyofunga barabara, tulingoja muda mrefu. Wengine walikaa chini na kula mahindi. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikihesabu siku za Kasereka: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kazi ya mtu ilikuwa mgongoni mwangu, na mgongo wenyewe mawe ya barabara yalishaumaliza.

Kiwanja tulifika baada ya saa sita. Nilitafuta mashine ya ajabu, nikakuta tanuru ya matofali kama yetu na Mama Uwimana mwenye unga hadi kwenye nyusi. Ukutani, juu ya chokaa, kulikuwa na nukta nyingi za makaa na nyuzi tatu zilizofungwa kwenye misumari.

"Siri iko wapi, mama?"

"Iko kwenye ukuta. Kula kwanza."

Nilipomaliza sahani ya maharagwe, aliniwekea unga uliokandwa, kisu na balansi. "Kata madonge kumi ya gramu mia mbili. Pima kila moja. Ukikosea, jirekebishe kwa lile linalofuata."

La kwanza lilizidi, basi la pili nikalikata dogo. Likapungua mno, la tatu nikaliongeza. Kufikia la kumi jasho lilikuwa linatiririka, na wanawake wa kazi walikuwa wanacheka waziwazi. "Papa wa Goma ametuzalia familia nzima! Huyu ni baba, huyu ni mama, hawa ni watoto!"

"Sasa kata kumi tena," alisema Mama Uwimana. "Balansi usiiangalie. Mukono uleule, kisu kilekile."

Nilikata, yeye akapima nyuma yangu na kutia ukutani, kando, nukta za mara zote mbili. Nukta za mara ya kwanza zilirukaruka kama mbuzi waliofunguliwa. Za mara ya pili zilikaa karibukaribu.

"Uzi wa katikati ni moyene," alisema, akirudi kwenye nukta za mikate yake. "Huu wa juu na huu wa chini ni mahali kazi yangu inafika siku za kawaida. Nilipika wiki nyingi bila kugeuza kitu, nikitia kila siku nukta moja ya hesabu ya mikate iliyoharibika, ndipo nikafunga nyuzi. Nukta ikibaki ndani, usigombeze mutu. Ukirekebisha kila nukta unazidisha fujo. Ikiruka nje, hapo uliza leo kumetokea nini."

"Na kama kawaida yenyewe ni mbaya?"

"Geuza namna ya kazi, kitu kimoja kimoja. Kufukuza mutu hakugeuzi tanuru."

Nilishindwa kutulia. Kasereka naye alikuwa anajirekebisha hivyohivyo kwa kuni kila siku, na balansi yake ilikuwa mdomo wa Mama Kavira.

Jumatano mchana, Katoyi, sikuvua hata koti.

"Siri ni nini?" Mama aliuliza.

"Kunyamaza, mama."

Aliniangalia kama mtu aliyekula pesa ya tiketi yake akalala Munigi. "Jumamosi ni Jumamosi."

Nikamwekea unga, kisu na balansi. Alianza kwa madaha. Kwenye donge la tano alilaumu kisu, kwenye la kumi alinilaumu mimi. Alipokata kumi bila kuangalia, aliyapima mwenyewe mara mbili, akayakuta karibu sawa, kisha akakaa chini.

"Mwezi mmoja," alisema. "Kasereka apike namna moja. Mimi nitafunga kinywa."

Jumamosi ilipita, Kasereka akiwa kwenye tanuru, na kuni zilezile kila siku. Mimi niliamka kila asubuhi na kukimbilia ukuta wetu, nilikotia nukta ya mikate iliyoharibika, kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Jioni Mama alisimama mlangoni akitafuna ncha ya kitenge chake. Mikate ya kuungua haikuisha, lakini nukta zilitulia, na mwezi ulipoisha tukafunga nyuzi zetu.

Siku chache baadaye nukta moja iliruka nje kabisa. Mikate ilikuwa mibichi ndani. Kasereka alichukua koti lake.

Mama Kavira alifungua kinywa. "Nani—" Akakifunga. "Leo kumetokea nini?"

"Kuni zilikuwa na maji, mama," alisema Kasereka.

"Zilipokelewa namna gani?"

Wote waligeuka kuniangalia. Anayepokea kuni ni mimi.

"Nikiwa nimekaa, mama. Sikuzigusa."

Bulangeri nzima ililipuka kwa kicheko, Mama naye. "Kasereka, tundika koti," alisema. "Na weye, kuanzia kesho, simama."

Kutoka kiti changu hadi kwenye rundo la kuni ni hatua kumi na moja. Naziendea kila asubuhi, nagusa kila gogo. Hiyo ndiyo safari niliyojifunza kule Kiwanja, na kwangu inatosha.