Nilizipanga Shule za Mji Wetu, ya Baba Ikawa ya Mwisho

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na sita, naishi Forest hapa Brussels na watoto wangu wawili, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao yao. Nilizaliwa mji mdogo wa Katanga, Kongo, wenye shule tatu za sekondari za serikali. Mkuu wa moja alikuwa baba yangu mzazi.

Mwaka jana, matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, ubishi ulizuka kwenye grupu la WhatsApp la watu wa mji wetu tulioko Ulaya: shule ipi ni bora? Mimi nikajitia ujuaji. Nikachukua asilimia ya waliofaulu kila shule, nikachora jedwali safi la rangi, nikalituma. Shule ya baba ilikuwa ya mwisho, tena mbali. Sikuificha. Nilitaka waone kwamba sipendelei, na sifa walizonimwagia zilinilevya.

Jedwali likafika nyumbani. Wazazi walilichapisha, wakalipeleka ofisi ya elimu, wengine wakahamisha watoto. Kabla mwaka wa shule haujaisha, baba aliondolewa ukuu.

Mwezi uliopita nilikuwa nasukwa nywele Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Msusi, dada mdogo kwangu kwa umri, aliposikia jina la ukoo wangu akaacha kusuka.

"Weye ni mutoto ya papa préfet?" akauliza; kwetu préfet ni mkuu wa shule. "Miye kule ku masomo ingine balinifukuza mbele ya examen, juu nisiharibishe pourcentage yabo. Tulikuwa bengi. Papa yako alitupokea shiye bote. Alisema, bon, hata mutoto akianguka, aanguke kisha kujaribu. Bila yeye singepata diplôme."

Nililia mbele ya wateja. Kumbe wakuu wenzake walikuwa wakiwatoa wanafunzi dhaifu mapema ili asilimia ipande, na baba akiwaokota. Mimi niliyekula mezani kwake miaka yote sikuuliza hata waliofanya mtihani ni akina nani.

Nilimpigia siku hiyohiyo. Tangu utotoni baba ananiita "mama", kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Safari hii alipokea akasema, "Bonjour, madame." Nikamwomba msamaha, nikamwambia nitaandika ukweli wote kwenye grupu.

"Hapana," akanijibu taratibu. "Ukieleza, utaambia muji yote kama batoto bangu ni bale bengine balikatala. Balisha kuanguka mara moja, inatosha. Uache vile."

Akanipa mama simu. Mama anasema kila asubuhi baba anavaa shati la kazi, anakaa mlangoni hadi saa ya masomo kwisha, kisha analivua. Nimelia mpaka macho yamevimba, na kazini wananiuliza kama nimefiwa.

Sasa grupu wananidai jedwali la mwaka huu. Nikinyamaza, mji utaendelea kumhesabu baba kuwa mzee aliyeshindwa kazi, na atakufa hivyo. Nikisema, nitawavua nguo watoto aliowasitiri, na nitakuwa nimemkosea mara ya pili nikijua ninachofanya. Jamani, hasa ninyi mliowahi kuwaumiza wazazi wenu, nielekezeni: nimsafishe baba, au nimtii?