Nilijifanya Sijui Kiha

Nimekosa, tena kosa lenyewe si la kusingiziwa. Nililifanya mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na koti jeupe mwilini. Naombeni mnisikilize kwanza. Mkimaliza nitukaneni tu, nastahili.

Mimi ni Mha wa Gwarama, kule mpakani na Warundi. Mama yangu hadi leo Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Mwaka 2012 nilipopata nafasi ya kusomea utabibu katika chuo kimoja kule Kasulu, nyumbani walichinja mbuzi, na mama alilia kwa furaha mbele za watu.

Safari ile ya kwenda chuoni ndiyo iliyoniharibu. Kwenye kizuizi askari waliingia ndani ya basi wakanikuta naongea na mama kwenye simu. "Wewe Mrundi, shuka chini!" Mnajua Kiha na Kirundi vinavyofanana. Nikashushwa, nikaulizwa babu yangu kazaliwa wapi na kazikwa wapi, huku abiria wamejazana madirishani wananicheka.

Niliporudi kwenye kiti changu nikajiapiza kwamba hili halitanikuta tena. Chuoni nikajitambulisha kuwa mtu wa Tabora, eti baba ni mtumishi aliyehamishiwa huku. Wenzangu wa Dar na Moshi walipowatania Waha wa darasani kwetu kwa kuwaita Warundi, na mimi nilicheka. Tena nilicheka kuliko wote!

Halafu kulikuwa na Rehema, binti wa Morogoro. Nilimpenda, sifichi. Alizoea kuniambia, "Afadhali wewe bwana, hawa wenyeji wakianza Kiha chao mimi nabaki natoa macho." Ningemwambiaje?

Masika ya mwaka uliofuata tulipelekwa mazoezi kwa vitendo kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mimi na Rehema tukapangiwa gari la wagonjwa. Kwa kweli ndoto yangu ilikuwa hiyo. Sikutaka kukaa ofisini nikisubiri watu, nilitaka kuwa yule anayemfuata mgonjwa huko huko aliko.

Siku moja mchana tuliitwa kumfuata mjamzito kwenye zahanati moja ya vijijini, upande wa Kibondo. Mvua ilikuwa imeiharibu njia ya kuingia kijijini, na dereva wetu, mtu wa Tanga, akagoma kushuka bondeni. "Nikiteremka hapo, leo twalala na nyoka," akasema. Ikabidi mgonjwa apakiwe kwenye baiskeli mpaka barabara kuu.

Walifika wamelowa chapachapa. Kijana mwenye baiskeli alitusaidia kumpandisha, akageuza haraka kabla mvua haijarudi. Tukabaki na mgonjwa na mama mkwe wake, mama mtu mzima aliyejaa matope hadi kiunoni. Karatasi ya zahanati ilisema malaria kali, mimba ya miezi minane. Binti mwenyewe alikuwa anaweweseka kwa homa, hawezi kueleza chochote. Sista aliyekuwa akitusimamia akamtundikia dripu, tukaondoka.

Yule mama akaanza kulia. "Yaguye! Yaguye!"

Maana yake, ameanguka. Akaendelea kueleza kwa Kiha, na mimi nikielewa kila neno: baiskeli iliteleza kwenye mteremko, binti akaangukia jiwe kwa tumbo. Alijipiga tumboni kwa mkono, akaonyesha nyuma tulikotoka, akajipiga tena.

"Ndiyo mama, tumbo, tumeona. Tulia," sista akamjibu. Yeye ni mtu wa Iringa. Akatugeukia. "Hivi humu ndani hakuna anayejua Kiha?"

"Mie wa kwao nawajua samaki tu, migebuka," dereva akasema kutoka mbele.

Rehema akatabasamu, akaniangalia. "Na huyu naye wa Tabora."

Mungu wangu! Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nikajiambia tukifika hospitali wauguzi Waha wamejaa, atawaambia wao, mimi itanisaidia nini kuumbuka sasa hivi?

Na msidhani sikujua hatari yake. Tulifundishwa darasani kwamba mjamzito akigonga tumbo, kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu ikamwagikia ndani kwa ndani bila nje kuonekana hata tone. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri sana! Nikaweka mkono juu ya tumbo lake. Lilikuwa gumu kama ubao. Nikamshika kiganja, kikawa kinapoa huku namwangalia. Jamani, bado nikanyamaza!

Hospitalini alipokelewa kama mgonjwa wa malaria, na mama mkwe akazuiwa mlangoni, ndugu wasubiri nje. Mpaka mapigo yalipokuwa yanapotea ndipo wakashtuka, wakakimbia naye chumba cha upasuaji. Hakutoka hai, wala mtoto. Daktari alisimama kwenye korido akiwa bado na glavu. "Laiti ningejua mapema kwamba damu inavujia ndani," alisema, "ningekuwa nimeshaandaa damu na chumba wakiwa njiani. Huenda tungemuwahi."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Mama mkwe alipoambiwa hakupiga kelele. Alinifuata, akanishika mikono yote miwili, akaniambia maneno fulani taratibu kwa Kiha. Rehema alikuwa pembeni anafuta machozi. "Anasema nini?" akaniuliza.

"Sijui," nikamjibu. Hata hapo!

Wiki iliyofuata mama alinipigia simu. Nikaenda nyuma ya bweni kuongea naye, nikajisahau, Kiha kikanitoka chote. Kugeuka, Rehema amesimama na ndoo ya maji.

"Kumbe ulikuwa unamsikia yule mama?"

Aliitua ndoo akakaa chini. Hakunitangaza kwa mtu. Aliomba tu ahamishwe kundi, na hadi tunamaliza chuo mwaka 2015 hatukusalimiana tena.

Cheti nilipata, na kazi ninayo, mkoa wa mbali ambako hakuna anayeongea Kiha. Nilipoombwa kusimamia gari la wagonjwa nilikataa, nikasingizia mgongo. Mama ananiuliza mbona siku hizi simu nakata haraka. Sauti yake, jamani, ni ile ile ya yule mama! Safari moja nilifika hadi njia panda ya kijiji chao, nikashuka ili nikaombe radhi. Sikuvuka hata barabara. Nikapanda gari lililofuata.

Nyinyi mlioko vyuoni, wadogo zangu, nawasihi. Mkichekwa kwa ajili ya kwenu, chekweni! Mkiitwa Warundi, itikeni, yataisha. Lakini mgonjwa akikusemesha kwa lugha aliyokulea nayo mama yako, mjibu hapo hapo, hata kama yupo unayempenda anakutazama.

Maneno ya yule mama sijawahi kumwambia mtu. Alisema hivi: "Asante, mwanangu. Nimeona ulivyomshika mkono njia nzima. Najua hunisikii, lakini Mungu ambariki mama yako huko kwenu mbali."